Ubani Chini ya Bawa

Mwaka wa tisini na sita, katika bohari moja la Mji wa Kale ambamo zamani mliwekwa magunia ya kahawa, Shukri alikuwa akimalizia ndege. Haikuwa ya maonyesho. Ilikuwa ndege ya watu wawili, iliyokuja vipande vipande katika masanduku ya mbao, na Mzungu mmoja mwenye hoteli alimwachia alipofunga virago bila hata kuyafungua. Shukri alikuwa fundi wa ndege kule uwanjani, upande wa bara, na kila jioni alirudi akinuka mafuta ya ndege za watu wengine. Leseni ya kurusha ndege ndogo alikuwa nayo. Masomo yake aliyalipia kwa kuwatengenezea injini watu wa klabu ya marubani. Sasa ndege yake ilikuwa tayari, ila bawa moja.

Kitu kingine alichokikosa kilikuwa orofani, juu ya bohari. Bi Mishi, mamake, alizaa wanne akabakiwa na huyu. Tangu masanduku yalipofunguliwa, jawabu lake lilikuwa lile lile: "Unda upendavyo. Kupanda, sikupi radhi." Na Shukri, mtu mzima mwenye mvi masikioni, hakuwa wa kwenda angani bila radhi ya mama. Wenzake wa kazini walimcheka. Habari za injini angeweza kuwaeleza kutwa nzima. Hili hakujua aanzie wapi.

Kitambaa cha bawa kilishonwa na Tsofa, fundi wa viti vya magari kutoka Majengo, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko sindano zake.

"Bwana Shukri," alisema alasiri ile ya Alhamisi, akikaza uzi kwenye ubavu wa mwisho, "hiki kitu kikianguka, usije ukasema ni mshono."

"Nitasemaje, nami nimo ndani?"

"Ndiyo maana nikakushonea bila wasiwasi."

Kisha wakapaka dawa ya kukazia kitambaa, maji mazito yenye harufu ya kuumiza kichwa, ambayo yakikauka hukikaza kitambaa kikawa kama ngozi ya ngoma. Harufu ikapanda ngazi.

Huenda ni harufu hiyo iliyomjulisha Bi Mishi kwamba kazi imefika mwisho. Huenda alikuwa amechoka kumsikia mwanawe akipanda ngazi kimya kila jioni. Aliwasha makaa kama afanyavyo kila Alhamisi kuukaribisha usiku wa Ijumaa, akayatia chetezoni, akaweka ubani na kijipande cha udi ambao huutoa kwa harusi tu, akashuka. Mlango wa bohari ukafunguka, moshi ukatangulia.

"Shukri mwanangu, nimekubali. Nipishe. Nakifukiza kidege chako mwenyewe, kila pembe, halafu nakupa radhi yangu."

Ndilo neno Shukri alilolingoja miaka yote. Naye akaruka, akatandaza mikono mlangoni kama azuiaye gari.

"Mama, simama papo hapo! Usiingie!"

Bi Mishi hakuwahi kuzuiwa mlango katika nyumba yake mwenyewe. Chetezo kilifuka mkononi mwake.

"Nimekushukia na radhi mkononi, wanifukuza?"

"Si wewe, mama, ni moto. Dawa hii mbichi yashika moto kwa mvuke wake tu."

"Ubani huu nimefukizia kanzu za babako, nimefukizia maharusi wa mtaa mzima, haujachoma hata uzi. Kitambaa chako kina cheo gani?"

"Nipe nikushikie, mama," Tsofa akasema kwa adabu, akakitoa chetezo mbio hadi uani.

Shukri aliuona uso wa mamake ulivyojifunga, akafanya lile afanyalo fundi akishindwa na maneno: akaonyesha. Alichovya kitambaa chakavu katika dawa, akakipeleka uani, akakitupia kaa moja kwa koleo. Fuu! Mwali ukapanda hadi kiunoni, ukazimika. Sakafuni palibaki doa jeusi.

"Umeona, mama?"

Bi Mishi aliinama juu ya lile doa.

"Nimeona," akasema. "Na humo ndimo utakamokaa."

Akachukua chetezo chake, akapanda ngazi.

"Bwana Shukri," Tsofa akasema taratibu, "kwa injini, wewe ni hodari."

Siku zilizofuata mama alimwekea chakula chini ya kawa, mwenyewe akalala kabla mwanawe hajarudi. Jioni Shukri alikwenda ufukweni Mama Ngina, akakaa kati ya watu waliokuwa wakila mihogo, akitazama bahari ikififia rangi. Alilosema mbele ya mamake lilikuwa kweli, tena nusu ya kweli. Alimwonyesha moto, hakumwonyesha kinachobaki dawa ikikauka. Na zaidi ya hilo, tangu masanduku yafunguliwe, hakuwahi kumkaribisha boharini. Radhi aliiomba kama mtu aombaye ufunguo.

Jumapili alipanda na kipande cha kitambaa kilichokaukia dawa, akakiweka kwenye sinia mbele yake.

"Shikamoo, mama. Leo sisemi. Weka kaa mwenyewe."

Bi Mishi aliweka. Kitambaa kilitoboka, kikakunjamana, kikatoa uzi wa moshi, basi. Akaweka la pili. Vile vile.

"Hakina mwali," akasema.

"Hakina. Lakini kimetoboka, sitakuficha."

"Na huko juu kuna makaa?"

"Hakuna. Kuna upepo, na mimi."

Alijitanda buibui, akamwambia amshike mkono. Boharini aliizunguka ndege polepole, akaligonga bawa kwa ukucha, likalia, akaligonga tena. Alichungulia vile viti viwili. Tsofa, aliyekuwa akikusanya nyuzi zake, akasogea kumpisha.

"Hiki hakiutaki ubani," Bi Mishi akasema mwishowe. "Nami sikilazimishi. Lakini wewe wautaka. Lete nguo utakazovaa."

"Ni ovaroli, mama. Ina grisi."

"Ilete na grisi yake."

Aliitandaza juu ya moshi kule orofani kama nguo ya bwana harusi, kisha akamsimamisha mwanawe juu ya chetezo, akamzunguka akinong'ona dua hadi ubani ukaisha.

"Radhi, mwanangu. Nenda urudi. Ukirudi bila ya hicho kidege, sitakuuliza kiko wapi."

Lori la kuipeleka ndege uwanja mdogo wa kaskazini, ambako ingeungwa mabawa na kurushwa, lilisimama barabarani, maana vichochoro havikulitosha. Ikabidi bawa libebwe kwa mikono. Shukri alishika mbele, Tsofa nyuma, majirani wawili katikati.

"Wanukia hasa, bwana," Tsofa akamwambia. "Wenda kuoa?"

"Shika vizuri wewe."

Na dirishani juu, Bi Mishi, nusu ya mwili nje, akiwapigia kelele wote wanne: "Polepole na hiyo kona! Inueni! Inueni, msilikwaruze bawa la mwanangu!"