Mama Rangi na Nyekundu Iliyofifia

Hakuna mwandishi anayezijua kompyuta kama huyu anayekuletea makala haya. Ya kwake ipo sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake limekaa birika. Kwa hiyo tumsikilize mwenye kazi yake.

Saa saba mchana, fundi wa kompyuta wa ghala la chanjo amekunja miguu juu ya kiti kama anayechambua mchele. Wenzake wanamwita Mama Rangi. Mbele yake kuna skrini nyeusi iliyogawanywa vidirisha sita, na kila kidirisha kinaonyesha joto la jokofu moja.

"Programu hii ndiyo inayonigawia skrini," anaeleza. "Bila hiyo ningehitaji meza sita na shingo mbili."

Jokofu likiwa salama, mstari wake huwa wa kijani. Likipata joto, unakuwa mwekundu. Mwezi uliopita moja lilipata joto, hakuna aliyeshtuka, na chanjo za watoto zikatupwa boksi kwa boksi. Mlinzi wa majokofu aliapa kwamba aliikodolea macho skrini muda wote na nyekundu haikutoka.

Mlinzi mwenyewe ni mume wa dada yake Mama Rangi, mtu nadhifu ambaye mkewe humtolea nguo kila asubuhi. Leo mke yuko safarini, na bwana amevaa soksi moja nyekundu na moja ya kijani.

"Shemeji alinitupia mzigo, nami nikaubeba," anasema Mama Rangi, akicheka. Cheko lenyewe halifiki mbali. Meneja amemwambia wazi: leo rangi zitoke, la sivyo akabidhi funguo. Tangu afiwe na mumewe, mshahara huu ndio unaolipia vyumba viwili na shule ya watoto watatu.

Kasoro aliikuta kweli. Programu ya kugawa skrini ilikuwa imeambiwa kwamba skrini ina rangi chache tu, basi nyekundu iliyokolea ilifika imefifia kama shati lililofuliwa mpaka likachoka.

Akaandika maagizo mapya, akafunga dirisha, akafungua. Rangi zilezile!

"Nilitukana mpaka paka wa ghala akatoka nje," anakumbuka. "Kumbe kufunga dirisha si kuizima programu. Inabaki nyuma ya pazia, imekumbatia maagizo ya jana, inakutazama unavyohangaika."

Dawa ni kuizima kabisa, na ikizimwa, vidirisha vyote vinatoweka. Kwa hiyo shemeji anatumwa kwenye majokofu na kipimajoto cha mkononi, asome kwa sauti hadi skrini irudi.

"La kwanza, nne!"

"Haya!"

"La pili, tanooo!"

"Taratibu, shemeji, chanjo zimelala!"

Anaizima. Anaiwasha. Halafu anachora utepe wa rangi wa kujaribia. Jana ulikatika vipande vipande kama ngazi. Leo unateleza kutoka rangi hadi rangi, huoni palipoungwa. Mama Rangi anaibusu skrini, anaacha alama ya midomo, anaifuta kwa kiwiko.

"Nataka siku moja niwafundishe wasichana wa mtaani kwetu," anasema. "Waje na macho yao tu. Matusi nitawapa mimi."

Limebaki jaribio la mwisho. Amechomoa kipimo cha jokofu la sita, ambalo ni tupu, akakifunga kwenye mfuko wa barafu kisipate joto mapema. Atakichovya kwenye chai ya moto, na mstari wa sita ugeuke mwekundu mbele ya meneja.

Meneja anaingia, mikono kifuani. Shemeji anamfuata mbiombio, anainama, anagusa mstari wa sita kwa kidole.

"Hee! Sasa hiyo ndiyo nyekundu, bosi! Inawaka kama kaa la moto! Mwezi ule ingekuwa hivi, ningeacha kuiona?"

"Nyekundu ipi?"

"Si hii hapa! Mimi na rangi, bosi, hunidanganyi."

Meneja anaitazama mistari sita, yote kijani kibichi. Kisha anashusha macho polepole mpaka kwenye soksi.

"Shemeji," anasema Mama Rangi, kipimo kikiwa bado mapajani ndani ya barafu na kikombe midomoni, "chai yenyewe bado naipuliza."