Mafuta ya Waridi na Nyuki wa Susu

Enzi zetu kule Nuu hatukuwa na video za kutuelimisha. Tulikuwa na nyuki tu, na hao hawana kitufe cha kuwazima. Juzi mpwa wangu, msomi wa chuo, alinionyesha kwenye simu yake kwamba wataalamu wanamfundisha nyuki harufu: ananusishwa, analambishwa sukari, halafu siku nyingine akiinusa tu, ulimi nje. Nikashangaa sana, kama inavyompasa mshamba.

Maana mimi niliwafundisha nikiwa darasa la tatu, tena kwa uvivu. Kiangazi kilikuwa kikali, hakuna ua hata moja, na nyanya yetu, tuliyemwita Susu, aliogopa nyuki wangehama mizinga aliyoachiwa na marehemu babu. Hakuwa amebakiwa na kitu kingine cha mumewe. Akaniagiza niwawekee maji ya sukari kila asubuhi kwenye sahani safi. Sahani ilikuwa jikoni, mbali mno kwa mtu mwenye shughuli kama mimi, kwa hivyo nikachukua kifuniko cha mafuta yake ya kujipaka, yale ya waridi, bila kukiosha. Nyuki wakanywa wiki nzima, wakahitimu.

Jumapili mzee wa kanisa akaja kutuombea mvua, upara unang'aa kwa mafuta yaleyale. Kabla ya "Amina" nyuki walikuwa wamemjaa kichwani, wakimlamba. Hawakumuuma. Ni yeye aliyejirusha kwenye miiba.

"Susu, hizi nyuki ni za shetani! Choma hiyo mizinga leo!"

Nilitoka nyuma ya choo nilikojificha, nikaungama habari ya kifuniko. Susu hakunichapa. Aliweka vifuniko viwili vitupu juu ya jiwe, kimoja amekipaka mafuta. Nyuki wakakijaa hicho, kingine wakakiacha.

"Mzee, shetani hayuko hapa. Ni kichwa yako inanukia chakula. Nawa, utuombee tena."

Mizinga ikabaki. Mvua nayo ilikuja ilipojisikia.

Leo Susu hayupo, na mzinga uliobaki ni mmoja, wa kupigwa picha na mpwa wangu. Wanafunzi wangu waliishi majuma machache tu, wakafa na somo lao. Lakini wiki jana, sokoni Mukuyuni, alipita mama mmoja amejipaka mafuta ya waridi. Nilimfuata hatua kumi nzima, mdomo wazi, kabla ya kukumbuka kwamba Susu tulimzika.