Ubeti wa Mwisho

Nimefundisha bendi ya shule ya upili hapa Kisumu miaka mingi, na miaka yote hiyo nimeshindwa na ubeti wa mwisho. Mwalimu mkuu hupeleka bendi yetu katika matanga ya kila mzazi anayeiomba. Wanafunzi wamejifunza kwamba wimbo wa mazishi ukiisha, chakula kinapakuliwa, kwa hiyo ubeti wa mwisho huupiga mbio. Nimewafokea na kuwarudisha nyuma mara mia, na bado wanakimbia.

Mke wangu alipofariki, bendi ililetwa nyumbani kwetu. Niliwaomba jambo moja tu: wimbo alioupenda waupige polepole, kama alivyouimba yeye jikoni akiparua samaki. Waliniahidi.

Walianza vizuri. Kufika ubeti wa mwisho, ngoma kubwa ikachomoka, tarumbeta zikaifuata. Niliinuka kando ya jeneza, pale kaburini.

"Shemeji, keti," dada ya mke wangu akaninong'oneza. "Leo wewe ni mfiwa, si mwalimu."

"Wanakimbia, shemeji."

"Waache. Hata marehemu angejua wana njaa."

Sikuketi. Nilikwenda mbele yao, nikawasimamisha, nikawaambia warudie ubeti huo. Wanafunzi waliupiga polepole, macho yao mkononi mwangu, mpaka mwisho.

Watu walisema baadaye kwamba nilimuaga kwa heshima. Ukweli ni kwamba sikumuaga. Wakati jeneza lilipokuwa likishushwa kwa ubeti huo, mimi nilikuwa nahesabu mapigo, nimemkazia macho mpiga ngoma.