Babu wa Boza na Bwawa la Newala

Ukitaka kuwachekesha watu wa Newala, waambie kazi yako ni kuokoa watu wasife maji. Watakuuliza kwanza hayo maji yako wapi. Huku juu tumelelewa na madumu. Mvua ikinyesha tunaikinga kwenye bati, inateremkia kisima cha saruji uani, na kisima kinafungwa kwa kufuli. Bibi yangu alikuwa na kikombe cha kupigia mswaki chenye mstari wa rangi ya kucha, na aliyezidisha maji juu ya mstari ule alisemwa mpaka usiku.

Kwa hiyo bosi wangu, mama mfanyabiashara aliyehamia kutoka Mwanza, alipochimba bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yake ya wageni, mji mzima ulikuja kushangaa. Siku ya kufungua, kina mama wa mtaa walipanga foleni na ndoo vichwani, kanga zimefungwa vizuri, wakijua hatimaye serikali imewakumbuka. Bosi akawaambia maji yale hayanyweki, yana dawa. Mama mmoja akauliza yanatibu nini. Bosi alicheka mpaka akakaa chini kwenye vigae, kisha akawafungulia bomba la pembeni, kila mmoja akaondoka na ndoo yake.

Mimi niliajiriwa kwa sababu nilikuwa najua kuogelea. Nilijifunzia Mtwara kwa mama mdogo, likizo za shule. Lakini bosi hakutaka mwogeleaji tu, alitaka mwokoaji mwenye cheti, akanipeleka Masasi kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipofichuka. Mimi nikiogopa, nacheka. Nimewahi kutolewa msibani nikiwa nimeshikwa sikio.

Mkufunzi wetu alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Tanga, mama mpole wa sauti ya chini ambaye hakuna aliyethubutu kumchezea. Alituwekea sanamu la mpira sakafuni, kichwa na kifua tu, halina miguu. Ulitakiwa ulipige bega na kuliita, "Baba! Baba, unanisikia?" Nikaliita. Baba akanitazama na macho yake ya kuchorwa, na mimi nikaanguka pale pale kwa kicheko. Darasa zima likafuata.

"Mwanangu," mkufunzi akasema, "cheti hutakipata mpaka umalize bila kucheka."

Nilimaliza siku ya mwisho, kwa kung'ata shavu kwa ndani. Kubinua kichwa, kuinua kidevu, kupuliza pumzi, kukandamiza kifua mara thelathini ukihesabu kwa sauti, kupuliza tena. Usimning'inize miguu juu, usimbinye tumbo. Na kuna jambo moja alilirudia kila asubuhi: anayezama hapigi kelele. Kelele inahitaji pumzi, naye pumzi hana. Ukisikia mtu anapayuka majini, huyo bado ni mzima. Mtafute aliyenyamaza.

Nilirudi Newala na cheti changu, na bosi akanipa filimbi, boya, na kiti kirefu. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilivaa filimbi ile hadi sokoni.

Sasa, maji ya bwawa yaliletwa na babu. Si mzaa mama wala mzaa baba. Ni mdogo wake bibi, dereva wa boza, anayeyapandisha kutoka bondeni kwa gari linalosikika kabla halijaonekana. Kwa kuwa ni babu, ni mtani wangu. Ananiita mke wangu mbele ya watu, nami namwita kizee kisichooleka, na hapana anayekasirika. Akimaliza kumimina maji alikuwa anavua shati, anabaki na kaptula, anaingia upande wa kina kifupi. Kuogelea hajui hata kidogo. Alisema ameyabeba maji yale mgongoni mwa gari lake maisha yake yote na sasa ni zamu yao kumbeba yeye.

Akishaingia, mchezo unaanza.

"Mke wangu, nakufa! Niokoe, mahari nitamalizia!"

Mara ya kwanza niliruka na nguo zote. Nilipomfikia alisimama wima, maji yako kitovuni, akainama kuwapokea wateja makofi. Nilimtukana matusi yote ambayo mjukuu anaruhusiwa. Baada ya hapo ikawa ndiyo burudani ya Jumamosi. Watu walikuja kunywa soda na kumtazama babu akifa.

"Siku utakayozama kweli," nilimwambia, "nitakuwa nimeshakuzoea."

"Siku hiyo nitapiga kelele zaidi."

"Hutapiga. Mkufunzi wetu kasema."

"Mkufunzi wenu hanijui," akasema babu.

Jumamosi moja walikuja walimu kutoka Tandahimba kumuaga mwenzao aliyehamishwa. Muziki, pilau, vicheko. Babu akawaona, akaona ukumbi umejaa. Akamaliza kumimina, akala sahani ya pilau waliyomkaribisha, akaingia majini, na muziki ulipobadilika akaanza kucheza sindimba humo humo, kiuno kinazunguka, mikono juu, uso umewaelekea walimu, anarudi nyuma kidogo kidogo. Walimu hoi. Mimi kwenye kiti changu hoi vilevile, najishika mbavu.

Sakafu ya bwawa lile inateremka. Babu alikuwa anarudi nyuma kuelekea kule kwenye kina.

Kichwa kikashuka, kikaibuka. Mdomo wazi, macho yanatazama juu, mikono inakandamiza maji kama mtu anayetaka kupanda ukuta. Walimu wakapiga makofi. Mmoja akatoa simu kurekodi. Nami nilikuwa bado nacheka, nasubiri aseme nakufa, nasubiri mahari. Hakusema. Kichwa kikazama tena. Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia babu yangu amenyamaza.

Nikapuliza filimbi, nikamtupia boya. Lilimgusa bega, hakulishika. Nikaruka. Alikuwa amekwenda chini nilipomfikia, nikamzunguka kwa nyuma, nikampandisha, nikamshika kidevu, nikamvuta hadi ukingoni. Walimu wawili walimtoa nje bado wanacheka, mpaka walipomlaza na mkono wake ukaanguka wenyewe kwenye vigae.

"Mwinueni miguu, maji yatoke!" mtu akapiga kelele, na wale wawili wakamdaka vifundoni.

"Mwacheni!" nilisema. Niliwafokea walimu, mimi niliyelelewa kumwamkia mwalimu hata akiwa upande wa pili wa barabara. "Wewe mwenye simu, acha kurekodi, ita gari la wagonjwa! Wewe, taulo!"

Nikampiga bega. "Babu! Babu, unanisikia?"

Hakunisikia. Nikatazama kifua, hakikupanda. Nikabinua kichwa, nikabana pua, nikapuliza, kifua kikapanda kwa pumzi yangu na kushuka. Nikapuliza tena na tena. Kisha nikaweka viganja katikati ya kifua na kuanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu.

Na kicheko kikaja.

Kilikuja chenyewe, kikubwa, kibaya. Nilihesabu nacheka. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema huyu binti amechanganyikiwa. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nilimtaka babu yangu arudi aje anitukane, na kilichonitoka mdomoni ni kicheko. Lakini mikono haikuwa na habari. Iliendelea kukandamiza, kwa kasi ile ile tuliyofundishwa Masasi, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Thelathini. Nikapuliza. Nikarudi kifuani.

Babu akakohoa. Nikamgeuza ubavu haraka, akatapika maji na pilau ya walimu, akavuta pumzi yenye mlio mbaya, na ule mlio mpaka leo ndio wimbo ninaoupenda. Akafumbua macho. Akanitafuta, akaniona.

"Mke wangu," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "maji ya bwawa yametimia?"

Walimu wakalipuka. Wakakumbatiana, wakacheka, mmoja akaanza vigelegele. Mimi peke yangu sikucheka. Nililia kwa sauti, kamasi na kila kitu, nimeshikilia kaptula ya babu kwa mikono miwili asije akaenda popote.

Alibishana na watu wa gari la wagonjwa kwamba yeye ni mzima. Nilimwambia anaweza kuharibikiwa baadaye hata akijisikia vizuri, na kwamba hapa mwenye filimbi ni mimi. Akalazwa hospitali, akatoka.

Boza lilirudi wiki iliyofuata. Watu walikuwa wameshakaa na soda zao. Babu akashuka, akaja hadi chini ya kiti changu, akavua kofia.

"Shikamoo," akasema.

Watu wakavunjika mbavu, mzee kumwamkia mjukuu. Nami nikacheka, nikasubiri mkia wa utani wake. Haukuja. Alisimama na kofia mkononi, ananitazama, mpira wa maji umelala miguuni pake, koki imefungwa.

"Marahaba, mume wangu," nikaitikia.

Ndipo akaenda kufungua maji.