Foni ya Kavimvira

Vijana wa hapa Uvira siku hizi wanajifungia chooni na simu ili waongee na wapenzi wao. Mlango wamefunga, sauti wameshusha, na bado wanalalamika kwamba nyumbani hakuna siri. Ninawacheka sana. Sisi tulipendana kwa foni.

Foni ilikuwa redio iliyounganishwa na batiri ya gari, waya wake umetundikwa juu ya paa. Ya mtaa wetu wa Kavimvira ilikuwa katika chumba kimoja chenye benchi refu. Ukibonyeza kitufe cha mikro, yaani kipaza sauti, unasema wewe. Ukikiachia anasema mwenzako. Ukimaliza lazima useme "à vous", yaani zamu yako, hata kama mnagombana, na "terminé" mazungumzo yakiisha. Na wote waliokaa kwenye benchi wanasikia, pamoja na kila mwenye foni kuanzia Bukavu hadi Kalemie.

Mchumba wangu alikuwa Kalemie, akifundisha. Kwetu msichana aliyelelewa vizuri hasemi kwamba anapenda. Anatazama chini, basi, na mwanaume mwenye akili anaelewa. Siku moja akanitumia neno niende kwenye foni. Kwenye benchi nilimkuta mama mmoja wa Kiringye akingoja habari za mchele wake, na kando yake katekista aliyenifundisha komunyo ya kwanza. Nilitamani kurudi nyumbani.

Sauti ya mchumba ikaja na mikwaruzo. "Ku shule banataka minye nibakiye huku na kazi. Lakini bato ya Uvira inaondoka ku porti sasa hivi. Nikuye tuoane, ao nibakiye? Weye sema. À vous."

Nikabonyeza kitufe. Nikatazama chini. Foni, kwa bahati mbaya, haina macho.

"Dada, batiri inakwisha," mwenye foni akanionya.

"Fanya unavyoona mwenyewe," nikanong'ona. "À vous."

"Sisikie! À vous!"

Mama wa mchele uvumilivu ukamwisha. "Ee, weye mutoto! Bato itamuacha! Unataka tukusemee?"

Katekista akatazama dari. "Sema tu, binti yangu. Mungu ameshajua."

Hasira zikanipanda, nikapiga kelele hadi watu wa barabarani wakasimama: "Kuya! Minye nakupenda! À vous!"

Nikaachia kitufe. Mikwaruzo tu. Kisha sauti ya mwanamke nisiyemjua, pengine yuko mji wa Baraka: "Tumesikia, dada! Na ye ajibu!"

Hakujibu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nimemwambia njoo, nimejitangaza kwa ziwa zima, na mwanaume amenyamaza! Mama wa mchele akanishika mkono, na safari hii hakunitania.

Ndipo akasema mwenye foni wa Kalemie, huku akicheka: "Dada, usimungojee. Muntu wako alisikia 'kuya', akatupa mikro. Iko anakimbia ku porti. Ile ingine nimeisikia minye. Terminé."

Bato aliipata, na tukaoana. Tumezeeka pamoja, kila mmoja na simu yake mfukoni. Lakini ile ingine, ile ya kupenda, mume wangu ameisikia kwa kusimuliwa tu, na nusu ya Ziwa Tanganyika ilimtangulia.