Majeneza Mawili, Jina Moja

Anania alirudi Makambako baada ya shirika la umma alilolitumikia Dar es Salaam kuuzwa na wafanyakazi kupunguzwa. Mwaka ule wa tisini na saba, Seleman mwenye malori alimwajiri aandike programu ya kompyuta, kwa lugha iitwayo C, ya kuchapa lebo za mizigo inayoshuka stesheni. Mizigo mingine ilikuwa majeneza. Miaka ile vijana waliofia mijini walirudishwa kwa wingi, na watu wa huku hawakubali mtu wao azikwe ugenini.

Siku moja yakashuka mawili, la Justine na la Agustino. Justine alikuwa wa Mdandu, kijiji cha Anania mwenyewe, na walichunga ng'ombe pamoja. Agustino alikuwa wa Kichiwa. Lebo zote mbili zikatoka na jina la Agustino. Karani wa Seleman alidhani mashine imerudia tu, akafuta moja, akaandika Justine kwa mkono, kisha akaifunga kwenye jeneza lisilo lake. Njiani nani afungue jeneza? Huku hufunguliwa nyumbani, saa ya kuaga, mbele ya wazee wa ukoo. Basi Emilia, mama yake Justine, alikesha akilia, na asubuhi kifuniko kilipoinuliwa akamkuta mtoto wa watu.

Miili ilibadilishwa, mazishi yakafanyika. Anania hakwenda. Angemtazama vipi mama yule usoni?

"Bwana Anania," Seleman alimwambia, "kesho treni inashusha mengine mawili. Kama umeshindwa, sema sasa tuandike kwa mkono."

Anania akajifungia ofisini. Aliingiza jina moja, likatoka sawasawa. Aliingiza mawili, la pili likalimeza la kwanza. Akaongeza kwenye programu mstari wa kumwonyesha jina likiwa bado njiani, zikatoka herufi za ovyo. Ugonjwa unaogeuka kila ukiguswa humtia mtu wazimu. Mwishowe aliacha kuchapa majina, akachapa anwani za mahali yalipowekwa kwenye kumbukumbu ya mashine. Anwani ilikuwa moja kwa majina yote mawili.

Hapo akaona. Fanksheni, yaani kile kipande cha programu cha kusoma jina, ililiweka katika nafasi yake ya ndani, ikarudisha anwani ya nafasi hiyo, kisha ikamaliza kazi. Nayo ikimaliza, nafasi ile huachwa wazi kwa yeyote ajaye. Ni sawa na chumba cha gesti: mgeni ameshaondoka, nawe unampa ndugu yake namba ya mlango. Akibahatika atakuta kitanda hakijaguswa. Asipobahatika atakuta mtu mwingine amelala. Siku za majaribio Anania aliingiza jina moja moja, kwa hiyo mgeni wa pili hakuwahi kufika. Na mashine ilikuwa imemwonya alipoitafsiri programu iwe lugha ya mashine; yeye akayazima maonyo kwa kuwa yalimjazia kioo cha kompyuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Akaandika upya: sehemu ya programu inayoomba jina ndiyo itenge nafasi, kila marehemu na yake, isiachwe mpaka lebo imechapwa. Akajaribu majina mawili, kisha mengi. Kila jina lilitoka lilivyoingia.

Ndipo akapanda gari kwenda Mdandu. Emilia alikuwa peke yake jikoni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Anania. Hukuja kumzika mwenzako."

"Niliona aibu, mama. Jina la Justine nililipoteza mimi. Si karani, wala si mashine. Nilionywa nikapuuza."

Emilia alisukuma kuni motoni.

"Yule kijana wa Kichiwa nilimwimbia nyimbo zote," alisema. "Nilimwita mwanangu. Jana mama yake alikuja hapa. Kumbe naye alimkesha Justine wangu. Tulishikana, hatukujua nani anampa pole mwenzake."

Anania aliinamisha kichwa. Mama yule akamsogezea kigoda.

"Keti, baba. Sisi tumewalilia wote wawili. Wewe bado hujamlilia hata mmoja."

Anania akaketi, na machozi yakamjia.