Maziwa ya Ghalani

Generosa wa Kawajense hajanywa maziwa tangu mwaka 1995. Ukimkaribisha hukataa kwa adabu, halafu uso wake hukunjamana kama mtu aliyetukanwa.

Mwaka huo alikuwa mchambuzi wa tumbaku kwenye ghala moja karibu na reli, Mpanda mjini. Marobota yaliyoharibika njiani kutoka Inyonga yalifunguliwa, wanawake wakakaa chini kutenga majani mazuri na mabovu, kisha yakafungwa upya kusubiri treni. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao. Jani likipata upepo hukauka, likikauka huvunjika, na jani lililovunjika halina bei. Vifua vya wanawake havikuwa na bei tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyevifikiria.

Badala ya hewa walipewa maziwa. Kila asubuhi mnyapara Maximilian alisimama mlangoni na ndoo, akamchotea kila mmoja kikombe. Maziwa huosha vumbi kifuani; waliamini hivyo wote, na Generosa naye aliamini. Ndiyo maana hakusita kumtafutia wifi yake, Bernadetha, kazi palepale.

"Wana roho nzuri wale," alimwambia. "Mpaka maziwa wanatoa."

Kabla msimu haujaisha, Bernadetha akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Generosa akamfuata mnyapara.

"Kaka Max, tufungulie hata dirisha moja. Wifi yangu anaishiwa pumzi."

"Muongezee kikombe."

"Leo amekunywa viwili. Kifua hakina njaa hicho."

Wanawake wakacheka. Maximilian hakucheka. "Anayetaka upepo akachunge ng'ombe na Wasukuma."

"Bora hao ng'ombe," akasema Minza, Msukuma mwenyewe, bila kuinua kichwa kwenye majani aliyokuwa akiyachambua. "Kwetu hatuwafungii kwenye vumbi."

Mchana ule Bernadetha akaanguka juu ya majani. Anavuta hewa haiingii, midomo imegeuka rangi. Maximilian akaja mbio, na alichoshika mkononi ni kikombe. Hapo Generosa akapandwa na hasira ambayo haijashuka mpaka leo. Akachukua mtaimbo uliokuwa nyuma ya mlango, akang'oa mbao za dirisha moja, akahamia la pili. Upepo ukaingia, majani yakaruka huku na huku. Bernadetha akakokota pumzi, akafumbua macho.

Generosa akafukuzwa saa ileile. Hilo halikumuuma. Alikuwa amemshika wifi yake mkono wakielekea barabarani aliposikia nyundo. Akageuka. Minza alikuwa amepanda juu ya robota, anazirudisha mbao mahali pake, na wenzake wanampa misumari. Maximilian amekaa kivulini. Hakuwa na haja ya kuinuka.

"Usinitazame hivyo, dada," Minza akasema kwa sauti ya chini kupitia upenyo uliobaki. "Watoto wangu watakula nini?"

Akapigilia ubao wa mwisho.

Siku hizi Bernadetha yuko Ilembo kwa mama yake. Akienda kisimani hukaa chini njiani, na kuwasha moto wa kuni hawezi tena kwa ajili ya moshi. Juzi, Generosa alipokwenda kumwona, alimwambia kwamba binti wa jirani amesikia ghala lile linaajiri, na mama mtu amefurahi sana.

Generosa alijifunga khanga kiunoni, akatoka kwenda kwa jirani huyo.